Mvumo wa Nyaya Upimwe Baada ya Mvua
Njia mbili za umeme wa kilovolti 400 zinakutana Singida: ile ya Iringa hadi Shinyanga, na ile itokayo Isinya, Kenya, kupitia Arusha. Umeme huo twauhitaji. Lakini nyaya za namna hiyo huvuma, na mvumo huzidi matone ya mvua yanaponing'inia juu yake. Kwa hiyo kipimo cha mchana wa kiangazi, wakati magari ya wapimaji yanapopita kwa urahisi, hakitoshi. Kanuni za kelele za mwaka 2015 hutofautisha mchana na usiku. Nayo Laudato si' (183) yataka wenyeji wapewe nafasi ya pekee mezani. Ndugu waamini mnaoishi kando ya mkuza, ombeni kupitia serikali ya kijiji kwamba NEMC ipime usiku, baada ya mvua.