Kelele za ekzosi hazimlindi bodaboda wala mzigo wako

Msimu wa mavuno ukifika, mtu anayesimama kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma pale Kibaigwa, wilayani Kongwa, huona malori yakipanga foleni kusubiri mahindi, na katikati ya malori hayo pikipiki zikipenya huku na huko na viroba, madumu na abiria. Nyingine utazisikia kabla hujaziona. Ekzosi zake zimetobolewa, au kifaa cha ndani kinachopunguza sauti kimeng'olewa, na zikipita dukani muuzaji na mteja hulazimika kunyamaza mpaka zifike mbali.

Niliwahi kumuuliza kijana mmoja wa kijiwe kwa nini alimlipa fundi aitoboe ekzosi ya pikipiki yake. Hakunijibu kwa utani. "Kaka, dereva wa lori hanioni. Basi angalau anisikie."

Hoja hii si ya kijana huyo peke yake. Wapo wanaotoboa ekzosi kwa ajili ya mbwembwe, lakini wapo pia wanaoamini kwa dhati kwamba kelele ni kinga. Mtu anayetafuta riziki kwa kupishana na malori kila siku anastahili kujibiwa kwa hoja, si kwa matusi ya kuitwa mhuni. Aidha, jambo hili linatuhusu moja kwa moja sisi wa kilimo na biashara ndogo. Nyanya, maziwa, mayai, mbegu na mbolea vinasafiri kwa pikipiki. Wakulima wengi, baada ya kuuza mazao, hununua pikipiki na kumkabidhi kijana kwa hesabu ya siku au kwa mkataba. Ajali ikitokea, tenga limemwagika, mtaji umekunjika, na mara nyingine nguvukazi ya familia imelala wodini au imezikwa.

Kijana yule yuko sahihi katika jambo moja: tatizo kubwa ni kutoonekana. Mwaka 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, wakiongozwa na Harry Hurt, walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki ambazo walizichunguza papo hapo zilipotokea. Waligundua kwamba pikipiki ilipogongana na gari, katika theluthi mbili ya ajali hizo aliyevunja haki ya njia alikuwa mwenye gari, na sababu iliyotawala ilikuwa dereva kutoitambua pikipiki barabarani.

Hata hivyo, ripoti hiyohiyo inaonyesha pia ni wapi kelele inashindwa. Zaidi ya robo tatu ya hatari zilitokea mbele ya mwendesha pikipiki, si nyuma yake. Ni gari linalokata kona mbele yake, linalotoka barabara ya pembeni, au linalokuja likiwa limehama upande wake. Sasa itazame pikipiki yoyote iliyoegeshwa: tundu la ekzosi linaelekea nyuma. Sauti kali zaidi inamwendea mtu ambaye tayari umempita. Anayekuja kukugonga kwa mbele anapata masalia.

Tuingie kwenye hesabu kidogo. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Tuchukue mfano wa ekzosi inayotoa desibeli 95 ukiwa mita 1 kutoka kwenye tundu lake. Mita 2 zitabaki 89, mita 4 zitabaki 83, mita 8 zitabaki 77, mita 16 zitabaki 71, na mita 32 zitabaki 65 tu. Hizo 65 ndizo zinazotakiwa kupenya vioo vilivyofungwa, zishindane na injini ya dizeli, upepo na redio, ndipo zimfikie dereva.

Tuseme amezisikia. Lori linakuja kwa kilomita 60 kwa saa na pikipiki inakwenda kwa mwendo huohuo. Vyombo viwili hivyo vinakaribiana kwa mita 33 kila sekunde. Mita 32 ni chini ya sekunde 1. Katika muda huo dereva atambue kwamba ni pikipiki, ajue inatokea upande gani, aamue la kufanya na kukanyaga breki. Lori lenye shehena ya mahindi halisimami kwa sekunde 1. Zaidi ya hapo, sauti nzito ya kuunguruma ni ngumu kwa sikio kujua inakotoka, hasa mjini ambako inagonga kuta za maduka na kurudi. Dereva akisikia ngurumo bila kuona chombo, huanza kukitafuta wakati macho yake yalipaswa kuwa barabarani.

Kuna hasara nyingine ambayo wenye ekzosi hizi hawaipigii hesabu. Wataalamu wa afya ya kazi huweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 94 muda huo ni saa 1 tu. Bodaboda anayeanza kazi alfajiri na kumaliza usiku anaumaliza muda huo kabla hata hajanywa chai. Akiziba masikio yake kwa kelele zake mwenyewe, hasikii honi ya basi lililo nyuma yake wala abiria anayemwambia mzigo unachomoka. Kwa maneno mengine, amelipa fedha ili apoteze mlinzi mmoja kati ya wachache alionao.

Na jirani analipa pia. Mfugaji yeyote anajua kwamba ng'ombe akishtuliwa wakati wa kukamuliwa hubana maziwa, na kuku wakishtuka bandani hukimbilia kona moja wakalaliana. Ndiyo maana zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini sitaki kuegemea sheria peke yake. Kijana anayeamini kwamba kelele inamwokoa ataitoa ekzosi siku ya msako na kuirudisha siku ya pili.

Wako watakaosema kwamba sauti inasaidia kwa mtembea kwa miguu, kwa mtoto anayechezea njiani au kwa mbuzi wanaovuka. Nakubali, kwa mwendo mdogo na umbali mfupi mtu asiye ndani ya gari husikia. Lakini kazi hiyo inafanywa na honi, ambayo inaelekea mbele, inapigwa pale inapohitajika na kunyamaza baada ya hapo. Kelele isiyokoma huzoeleka. Ikishazoeleka, haimwonyi mtu tena.

Basi kinachosaidia ni nini? Kama tatizo ni kutoonekana, dawa yake ni kuonekana. Malaysia ilianza kuwataka waendesha pikipiki kuwasha taa mchana mwaka 1992, na utafiti uliofanywa katika maeneo ya majaribio ulionyesha kwamba ajali zinazotokana na kutoonekana zilipungua kwa takriban asilimia 29. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, ulibaini kwamba waliovaa mavazi ya kuakisi mwanga au ya rangi ya kung'aa walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 37 ya kuumia vibaya au kufa ajalini, na waliovaa kofia nyeupe asilimia 24 chini ya waliovaa nyeusi. Ajali ikishindikana kuepukwa, kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Kwa macho ya uchumi hesabu yake ni rahisi. Kuwasha taa ni kubonyeza swichi. Kizibao cha reflekta na kofia ngumu ni gharama ya mara moja inayodumu kwa miezi au miaka. Kutoboa ekzosi nako ni gharama, kwanza kwa fundi, pili kwa injini, kwa sababu mchanganyiko wa hewa na mafuta uliopangwa kiwandani unavurugika. Fedha hiyohiyo inaweza kununua kinga iliyopimwa badala ya kinga ya kudhania.

Lakini lawama zote tusimtupie kijana wa kijiweni. Sisi wenye mizigo tuna sehemu yetu. Ni mara ngapi tumemfungia matenga mawili ya nyanya yaliyoziba kabisa taa ya nyuma, kisha tukampakia na mkungu wa ndizi ulioficha hata mgongo wake, reflekta na vyote? Taa tuliifunika sisi, halafu tunashangaa basi limemkumba jioni. Tena tunampigia simu akiwa njiani kumhimiza kwamba soko linafungwa.

Napendekeza mambo matatu yasiyosubiri bajeti ya Serikali. Kwanza, mwenye pikipiki aandike ndani ya mkataba kwamba ekzosi itabaki ya kiwandani, taa itawaka mchana na usiku, na kofia zitakuwa mbili, ya dereva na ya abiria. Gharama za kofia na reflekta azibebe mwenye chombo, kwa kuwa chombo ni mtaji wake. Pili, kila mwenye mzigo ashone kitambaa cha kuakisi mwanga nyuma ya tenga au kiroba chake, na asikubali mzigo ufunike taa. Tatu, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wanaokodi pikipiki nyingi kwa msimu wawape kazi kwanza wale wanaotimiza masharti hayo. Bodaboda anabadilika haraka anapoona kwamba mwenzake mwenye taa na reflekta ndiye anayepata mizigo.

Kijana yule wa Kibaigwa alikuwa na hofu ya kweli, na hofu yake ni haki. Amekosea dawa tu. Dereva wa lori hamwoni, na suluhisho ni kumfanya aonekane tangu mbali, wakati breki bado zina nafasi ya kufanya kazi. Leo jioni, kabla hujamkabidhi mzigo wako, zunguka nyuma ya pikipiki yake uangalie kama taa inaonekana. Kama haionekani, fungua kamba, punguza mzigo, ufunge upya.