*KLINIKI YA MAUMIVU ISIPIMWE KWA IDADI YA WATU*



Taarifa ya robo mwaka ya hospitali yetu ya rufaa inajivunia kwamba kliniki ya maumivu sugu imehudumia watu wengi kuliko robo iliyopita. Hatuna ugomvi na madaktari wale. Ni wachache na wanajituma. Ugomvi wetu ni kipimo.

Mwenzetu mmoja, mama lishe, anaumwa mgongo mwaka wa pili sasa. Robo hiyo alikwenda mara nne, akapewa vidonge vilevile mara nne. Kwenye taarifa amekuwa wagonjwa wanne waliohudumiwa. Sufuria bado anainuliwa na mwanawe. Na mzee wetu aliyechoka na foleni akaacha kwenda, yeye hahesabiwi popote.

Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu, na mara nyingi eksirei haionyeshi kitu. Shahidi ni mgonjwa mwenyewe. Basi aulizwe siku ya kwanza, aulizwe tena baada ya miezi 3: Unalala? Unatembea mpaka wapi? Umerudi kazini?

Kuna watakaosema inatosha kumuuliza anaumwa kiasi gani, sifuri hadi kumi. Iulizwe, ila isibaki peke yake. Marekani waliwahi kuhusisha malipo ya hospitali na majibu ya wagonjwa kuhusu maumivu, kisha wakayaondoa maswali hayo kwa hofu kwamba yanawasukuma madaktari kuandika dawa kali zenye uraibu. Hatutaki namba ishuke huku mtu amelewa dawa kitandani.

*La pili ni kusubiri.* Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kinapendekeza mgonjwa asiye wa dharura aonwe ndani ya wiki 8. Sisi wa kwetu wanasubiri wiki ngapi? Taarifa haisemi. Na kupima si jambo geni: tangu 2015 zahanati na vituo vya afya vinapewa nyota. Bingwa naye apimwe.

Barua yetu inakwenda kwa Bodi ya hospitali wiki hii. Mwenye mgonjwa nyumbani ampe Katibu wa Tawi tarehe mbili tu: ya kupewa rufaa na ya kuonwa na daktari. Majina hatuyahitaji, na tafadhali msitume picha za vyeti vya watu.

_Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi_