Jina la Mji Halitungwi Ofisini

Serikali ikibadilisha jina la mji, swali huwa lilelile: sasa tuseme lipi? Mhariri anauliza, mwalimu anauliza, karani anauliza. Makanga wa matatu hana muda wa kuuliza. Anaita jina analolijua, abiria wanapanda, gari linaondoka. Mimi niko upande wa makanga. Jina la kutumia ni lile ambalo wenye mji wanalitumia wakiwa peke yao, bila mgeni wala mkubwa wa kumpendeza. Tangazo lililopitishwa bila kuwauliza lina nguvu ya kukaa kwenye faili, wala halina haki yoyote juu ya ulimi wa mtu. Serikali ina mamlaka ya kuandika jina. Ya kulitunga haina.

Nasema haya nikiwa Kehancha, makao makuu ya Kuria Magharibi, kaunti ya Migori, na huku hatuhitaji kusubiri tangazo ili tujue uchungu wa kubadilishiwa jina. Sisi tumebadilishiwa kimyakimya, kwa kalamu ya karani. Fungua nyaraka na ramani: hapa utasoma Kehancha, pale Kihancha. Shuka hadi mpakani. Wadi ya uchaguzi inaitwa Isibania, lakini kituo cha forodha kinachotazamana na Sirari ya Tanzania kinaandikwa Isebania. Mji ni mmoja na soko ni moja, ila ofisi mbili za jamhuri hiyohiyo hazijakubaliana tuko wapi.

"Ni herufi moja tu," wataniambia. Naam, ni herufi moja, na ndiyo inayoeleza kila kitu. Lugha ya Wakuria ina irabu saba. Alfabeti iliyoletwa ina tano. Karani aliyetumwa kutoka mbali alisikia sauti isiyokuwa na herufi katika kitabu chake, akachagua iliyoikaribia, akapiga muhuri. Mwenzake wa ofisi ya pili akachagua nyingine, naye akapiga muhuri. Hakuna aliyetoka nje kumuuliza mzee aliyeketi chini ya mti. Leo kijana anapeleka cheti chenye tahajia hii na kitambulisho chenye tahajia ile, halafu anaambiwa akalete barua ya chifu kuthibitisha kwamba alizaliwa mahali ambapo serikali yenyewe imeshindwa kupataja.

Hata jina la watu wenyewe halikupona. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliafikiana kuhusu mstari wa kugawana nchi hii, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Leo ndugu walio kaskazini ya mstari huo wanaandikwa Wakuria. Walio kusini, Tarime na Serengeti, wanaandikwa Wakurya. Kumbukumbu za wakoloni wa upande wa Kenya nazo ziliwaita Watende. Wairege na Wanyabasi wako pande zote mbili za mpaka, wanaoana, wanazikana, wanauziana ng'ombe. Wakiamkuana hawaulizani kama ndugu yao anaandikwa kwa "i" au kwa "y". Hilo ni swali la ofisi, na ofisi ndiyo iliyolileta.

Basi tutazame historia, maana imekwisha kutoa hukumu mara nyingi. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, kituo cha mwisho kilibatizwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli hiyo. Jina hilo leo liko wapi? Kisumu imeendelea kuwa Kisumu. Mwaka huohuo wa 1901 alifariki afisa aliyeitwa Francis Hall, na ngome ya Mbiri ikageuzwa kuwa Fort Hall. Leo ni Murang'a. Mwaka 1888 wasafiri wa Kizungu Teleki na von Höhnel walifika kwenye ziwa ambalo watu walikuwa wakilivua samaki tangu zama za mababu, wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria asiyewahi kuona hata povu lake. Lilibaki hivyo kwenye ramani hadi 1975, lilipoitwa Turkana.

Nani atasema huo ulikuwa ukaidi wa wazungu pekee? Nendeni Kongo. Mwaka 1966 Mobutu alifuta Léopoldville, Stanleyville na Elisabethville; pakawa na Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Mwaka 1971 akaibadilisha nchi yenyewe kuwa Zaire, na baadaye Ziwa Albert likapewa jina lake. Jirani yake wa Uganda, Idi Amin, hakukubali kupitwa. Ziwa Edward likawa Ziwa Idi Amin. Amin alianguka 1979, Mobutu 1997. Zaire imekwenda na mwenyewe. Maziwa yale mawili yamerudia majina yao ya kikoloni, kwa sababu hata wakati wa kurekebisha hakuna aliyewauliza wavuvi. Kinshasa, ambalo lilikuwa jina la kijiji kabla ya Mobutu kuzaliwa, lipo na litaendelea kuwapo. Mkono uliosaini ulikuwa ule ule. Kilichotofautisha ni kwamba majina mengine yalikuwa na wenyewe, na mengine yalikuwa na mtu mmoja na picha yake ukutani.

Hapa kwetu hatujajifunza. Uwanja uliojengwa Nairobi kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 ulipewa jina la rais aliyekuwa madarakani. Mwaka 2013 kampuni ya simu ikalipa fedha jina la kampuni lipakwe pale. Muulize shabiki yeyote atakapokwenda Jumapili. Atakwambia Kasarani. Na mwaka 2021, kule Kileleshwa, barabara ya Dik Dik ilipogeuzwa kuwa ya Francis Atwoli, kiongozi wa wafanyakazi aliye hai na mwenye nguvu zake, kibao kilichomwa moto. Siungi mkono kuchoma mali ya umma. Lakini anayeshangaa moto ule amekosa kuona ukosefu wa adabu uliotangulia: watu kuamka na kukuta anwani yao imegawiwa mkubwa kama sahani ya pilau.

Sasa nasikia sauti ya msomi: kwa hiyo unataka majina yasibadilishwe kamwe? Hapana, na asinipakazie. Yako majina yanayostahili kufutwa leo kabla ya jua kutua. Wakoloni walilitupa neno Kavirondo juu ya Waluo, Waluhya, Wakisii na Wakuria, wakatuita sote Kavirondo kana kwamba tulikuwa mzigo mmoja wa kupimwa kwa pauni. Lilipoondolewa wilayani, na Ghuba ya Kavirondo ikawa Winam, hakuna aliyelilia. Mabadiliko ya namna hiyo tunapaswa kuyatumia siku hiyohiyo, na mwandishi anayeng'ang'ania jina la zamani kwa kisingizio cha mazoea ni mvivu wa akili. Anayeendelea kuandika Fort Hall leo anachagua upande.

Wala sidai tufukuze kila neno la kigeni. Tazama jirani zetu wa Homa Bay na Kendu Bay. Hilo neno la mwisho ni la Kiingereza tupu, na watu wamelichukua, wamelitafuna, wanalitamka kwa lafudhi yao, wanaliimbia harusini. Limekuwa lao. Mtu akija kesho na kamati ya kulitakasa, nitampinga kwa ukali uleule ninaompinga nao aliyeleta Port Florence. Sipimi jina kwa asili yake. Nauliza kama wenye mahali wameliridhia.

Tena tuwe makini tunataja kitu gani. Eneo bunge lililokuwa Mbita leo ni Suba Kaskazini, na lililokuwa Gwassi ni Suba Kusini. Nalipokea jina la Suba kwa mikono miwili, maana Abasuba ni watu ambao lugha yao imezidiwa na Kiluo hadi inakaribia kuzimika, na kuandikwa kwenye orodha ya bunge ni neno la kusema bado wapo. Lakini mji wa Mbita ni Mbita. Mwandishi anayeuita mji huo Suba Kaskazini eti kwa sababu ya utaratibu rasmi hajafuata utaratibu wowote. Amechanganya mji na sanduku la kura.

Pingamizi lenye uzito ni hili: hao "wenye mji" ni akina nani? Kehancha na Isibania zina Wakuria, zina Waluo, zina Wakisii, zina wafanyabiashara waliotoka mbali wakajenga na kuzika hapa. Hata Wakuria wenyewe wana koo, na koo hizo zimewahi kugombana hadi damu. Ukisema jina liamuliwe na wenyeji, je, ukoo mmoja hautaligeuza kuwa bendera ya kuwatisha wengine? Ni hofu ya kweli. Jibu lake nalo tunalo nyumbani. Fungua orodha ya wadi za Kuria: Nyamosense/Komosoko. Gokeharaka/Getambwega. Bukira Central/Ikerege. Watu wa Nairobi huzicheka hizo alama za mkwaju, wanasema hatujui kuamua. Mimi ninazisoma kama uungwana wa hali ya juu ulioandikwa katika kitabu cha serikali: hapa pana wawili, na hakuna atakayemezwa. Jina refu halijamuua mtu. Jina lililomfuta jirani limewahi.

Wengine watalia kuhusu vurugu: hatimiliki, ramani, ambulensi inayotafuta njia usiku. Hao hawajafika huku. Vurugu tunayo tayari, na imeletwa na ofisi zile zile zinazodai kuitibu. Dereva wa ambulensi akipotea anauliza kwenye steji ya bodaboda, na anajibiwa kwa jina linalotumika. Kuandika jina la wananchi ndiko kungepunguza fujo.

Katiba ya 2010 haina kigugumizi katika jambo hili. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa yanayombana kila afisa. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ilinde uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Tangazo dogo kwenye gazeti lisilofika huku kwetu Ntimaru haliwezi kuitwa ushirikishwaji. Kikao hotelini chenye chai na posho pia hakiwezi. Ushirikishwaji ni baraza, mchana kweupe, kwa lugha ambayo bibi wa miaka themanini anaweza kumkatiza afisa nayo.

Kwa hiyo mhariri, mwalimu na karani wasikie. Jina jipya likitangazwa, ulizeni kwanza: watu wa pale waliliomba? Kama waliliomba, litumieni leo, na msiwachoshe kwa "zamani ikiitwa" miaka ishirini mfululizo. Kama hawakuulizwa, endeleeni na lao, na lile la ofisi liwekeni baada ya mkwaju hadi wenyewe watakapotoa neno. Na kama tatizo ni tahajia, waiteni wazee na wataalamu wa lugha waketi pamoja, waamue mara moja, kisha kila idara ifuate.

Tuanze na Kehancha na Isibania, mwaka huu. Baraza liitwe, majina yaandikwe kama wenyewe wanavyoyatamka, na ramani, forodha, shule na mahakama zisome kitu kimoja. Halafu vyeti na vitambulisho vyote vilivyopotoshwa visahihishwe bila mwananchi kutoa hata shilingi moja ya ada au nauli. Aliyekosea ni mwenye muhuri. Alipe yeye.