Si la Presha, Lakini Lina Mzigo

Wadau, simameni Voi kando ya barabara ya Mombasa mtazame lori la gesi likifunga breki. Ndani ya tangi mna mabamba yanayozuia gesi ya maji isikimbilie mbele yote kwa pamoja. Presha ni ileile pande zote mbili za bamba, basi sisi waandishi wa programu tunaliandika kama kilo tu. Uvivu mtupu! Breki ikipunguza mwendo mita 5 kwa sekunde kila sekunde, gesi ya tani 20 husukuma kwa kilonyutoni 100, na bamba hupeleka sehemu yake pale lilipochomelewa, kwenye ukuta unaobeba presha. Ufa huanzia hapo. Programu isiyokagua mchomeleo huo isiandike "salama".