Nta iliyopendwa na wanaski yapigwa marufuku, kwa nini?

Miaka mingi, ukimuuliza mshindani siri ya kasi yake kwenye theluji, angekutajia nta yenye florini. Inapakwa chini ya ski au ubao wa theluji, inafukuza maji, basi unateleza balaa, hasa theluji ikiwa imelowa. Shida ni kwamba kemikali zake haziozi. Zinabaki kwenye udongo, kwenye maji, hadi kwenye damu ya mafundi wanaoipaka. Ndiyo maana shirikisho la kimataifa, FIS, limeipiga marufuku mashindanoni tangu msimu wa 2023/24. Mapema tu, Oktoba 2023, Ragnhild Mowinckel wa Norway alifutiwa matokeo huko Sölden, Austria. Kali, ndiyo, lakini bila hivyo nani angeiacha? Wewe unayeteleza likizoni tu, nta ya kawaida inakutosha.