Sanamu za Brussels na suali la mwanao: nani alilipa?

Mji wa Brussels una mzozo usiokwisha: nani anastahiki kusimama juu ya jiwe ili watoto wamtazame? Karibu na kasri la kifalme, pale Place du Trône, Mfalme Leopold II yuko juu ya farasi wake wa shaba tangu mwaka 1926. Juni 2020, maandamano ya kupinga ubaguzi yalipoenea duniani, sanamu hiyo ilimwagiwa rangi. Tarehe 30 ya mwezi huohuo Mfalme Philippe alimwandikia Rais wa Kongo barua ya kueleza masikitiko yake kwa yaliyotendeka zamani. Februari 2022 jopo la wataalamu lilikabidhi serikali ya mkoa wa Brussels mapendekezo juu ya majina ya mitaa na sanamu za enzi ya ukoloni. Desemba 2022 kamati ya bunge iliyoundwa kuchunguza ukoloni ikamaliza kazi bila wajumbe kukubaliana juu ya kuomba radhi. Farasi na mfalme wake bado wapo palepale.

Sasa mtu atauliza, sisi tulioko Maskati, Dubai na Doha haya yanatuhusu nini? Wabelgiji si waachiwe mambo yao?

Yanatuhusu, tena sana. Katika bustani ya Cinquantenaire, mji uleule, kuna mnara mkubwa wa mawe wa kuwasifu Wabelgiji wa mwanzo waliokwenda Kongo. Ulizinduliwa 1921. Sehemu moja ya mnara inamwonesha askari wa Kibelgiji akimwangamiza adui, na maandishi yake yalisema kwamba ushujaa wa jeshi la Ubelgiji ulimfuta Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa. Huyo Mwarabu si wa Misri wala wa Morocco. Ni watu wetu hao: waliotoka Unguja na mrima, wakapita Tabora na Ujiji mpaka Nyangwe na Kasongo, wakapigana na jeshi la Leopold kati ya 1892 na 1894. Ndio waliopeleka Kiswahili kule Maniema, kinazungumzwa mpaka leo.

Hatua chache kutoka kwenye mnara huo upo Msikiti Mkuu wa Brussels. Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya malalamiko, neno "Mwarabu" likachongolewa likafutika. Baadaye likarudishwa. Kisha likafutwa tena. Watu wazima wanabishana kwa patasi!

Mtoto wetu akipita hapo, na wengi wanakuja huku kusoma au kutembelea jamaa, atauliza suali moja: kwani sisi ndio wabaya, na hawa ndio mashujaa?

Majibu mawili ya haraka

Nimefundisha sekondari ya misheni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na najua wazee tunavyokimbilia jibu. La kwanza ni kukataa. "Uongo wa wazungu huo, babu zetu walikuwa wafanyabiashara wa pembe tu." La pili ni kunyamaza. Mzazi anageuza maneno, anamnunulia mtoto aiskrimu, yamekwisha.

Majibu yote mawili yanamwacha mtoto mikono mitupu. La kukataa litavunjika siku atakapofungua kitabu. Soko la watumwa la Unguja lilikuwepo, na lilifungwa kwa mkataba wa 1873 wakati wa Sayyid Barghash. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja ila mwaka 1897. Na la kunyamaza linamfundisha kwamba kuna aibu nyumbani isiyotajwa, na aibu isiyotajwa mtoto huifanya kubwa kuliko ilivyo.

Lakini tusiyameze na maandishi ya Wabelgiji yalivyo. Ni kweli iliyokatwa nusu. Mwaka 1887 Leopold huyohuyo alimpa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, cheo cha uliwali wa Stanley Falls, kwa mshahara. Alipomhitaji alimwajiri, na alipokwisha kumhitaji watu wake wakawa maadui wa kuchongwa kwenye mawe. Na baada ya "Mwarabu" kufutwa, wenyeji walipata nini? Walipata ushuru wa mpira, mateka na mikono iliyokatwa, chini ya Dola Huru ya Kongo iliyokuwa mali ya mtu mmoja kutoka 1885 hadi 1908. Leopold hakukanyaga Kongo hata siku moja.

Jina si kigezo

Hapa ndipo ninapotaka walimu na wazazi tusimame. Kosa la mnara ule si kwamba umechagua jina baya tu. Kosa ni namna yenyewe ya kufundisha: mpe mtoto jina, mwambie ni shujaa, mwamuru aheshimu. Na sisi tunafanya hivyohivyo. Skuli zetu zina wiki ya mashujaa, picha ukutani, watoto wanakariri tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Ukiuliza, "Huyu alikuwa na tabia gani, na umeijuaje?" darasa linakuwa kimya.

Mtoto aliyefundishwa jina, siku jina likianguka na yeye huanguka nalo. Aliyefundishwa sifa hubaki na sifa yake. Kwa hiyo, kila mtu tunayempeleka mbele ya watoto kama kigezo apitishwe kwenye masuali matatu. Alitenda nini hasa? Tendo hilo linaonesha tabia gani? Na la tatu, ambalo ndilo kubwa: gharama yake nani aliilipa?

Mchukueni Leopold. Alikuwa na bidii, mipango, subira ya miaka. Hizo ni sifa, tusidanganyane. Nani alilipa? Mwanakijiji wa Kongo. Mchukueni Tippu Tip. Jasiri, msafiri, alijua kuzungumza na kila kabila, aliwasaidia njiani Livingstone, Cameron na Stanley, na maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu hicho ni hazina ya lugha yetu. Nani alilipa? Waliofungwa minyororo na kubebeshwa pembe mpaka pwani. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuyabeba yote mawili kichwani kwa wakati mmoja. Asiyeweza mara nyingi ni mzee wake.

Kumbe tunaweza kumwambia kijana wetu hivi: ukoo wako haukuwa wa mashetani wala wa malaika. Ujasiri wa safari uchukue. Kumlipisha mwengine gharama ya ujasiri wako, hilo liache.

Waliolipa wenyewe

Brussels hiihii ina watu wa kufundishia, ila wengi hawana farasi wa shaba.

Yupo Paul Panda Farnana, Mkongo aliyezaliwa 1888, akaletwa Ubelgiji akiwa mtoto. Alisomea kilimo huko Vilvoorde, nje kidogo ya Brussels, akapata diploma 1907, jambo ambalo Mkongo hakuwahi kulifikia kabla yake. Vita vya 1914 vilipoanza alijitolea upande wa Ubelgiji, akatekwa, akakaa kifungoni Ujerumani mpaka vita vilipokwisha. Aliporudi, badala ya kutafuta cheo chake peke yake, mwaka 1919 aliunda chama cha kusaidia Wakongo waliokuwa Ubelgiji. 1921 alisimama kwenye Kongamano la Waafrika Duniani lililofanyika pia Brussels, akadai wenzake wasomeshwe na wasikilizwe. Magazeti yalimshambulia. Sifa yake tuiite kwa jina: aliyepata elimu akakumbuka waliokosa. Na bei aliilipa mwenyewe.

Yupo Patrice Lumumba. Tangu 30 Juni 2018 kuna uwanja wenye jina lake kwenye mlango wa Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini. Huyu naye alikuwa mwanafunzi wa skuli za misheni, kisha karani wa posta Stanleyville. Wengi hawawaambii watoto kwamba 1956 alikamatwa na kufungwa kwa fedha za posta. Mimi nasema waambieni. Kigezo asiye na doa humkatisha mtoto tamaa, maana yeye anajijua ana madoa. Mtoto ajue kwamba mtu aliyeanguka miaka minne kabla alisimama tarehe 30 Juni 1960 mbele ya Mfalme Baudouin akayataja mateso ya watu wake bila kupunguza neno. Miezi saba haikutimia, 17 Januari 1961, akauawa. Mwili wake uliharibiwa, na jino lake moja lilihifadhiwa na polisi wa Kibelgiji kama kitu cha kujisifia. Lilirudishwa kwa familia yake hapa Brussels tarehe 20 Juni 2022. Nani alilipa? Hakuna haja ya kueleza.

Na tusidhani vigezo ni vya wenzetu tu. Mombasa tulikuwa na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891, baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka kufa kwake 1947. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na 1932 Al-Islah. Aliandika nini? Aliwakemea watu wake mwenyewe, Waarabu na Waswahili wa pwani, kwa uvivu, kwa kupuuza elimu, kwa kujivunia nasaba huku mikono mitupu. Kumsema adui ni rahisi. Kuwasema jamaa zako unaokutana nao msikitini kila Ijumaa kunahitaji kifua. Kijana wa Maskati mwenye simu mkononi, anayeona kundi la ukoo linasambaza uongo au kumkebehi mtu, ana cha kuiga hapo leo hii.

Somo linaanzia jikoni

Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, pembeni mwa Brussels, yalipofunguliwa upya Desemba 2018 yalikuwa na tatizo kama hilo. Sanamu za zamani za kuisifu Ubelgiji zimo ukutani, na sheria ya kulinda majengo ya kale inazuia kuziondoa. Basi wasanii wakatundika mbele yake vitambaa vyepesi vyenye picha nyengine, ili mtazamaji aone ya kale na jibu lake kwa pamoja. Wapo wasioridhika, na wana haki. Lakini kwa mwalimu ni zoezi zuri: usimfiche mtoto, mwekee na la pili aone.

Nyumbani kwetu kitambaa hicho ni maneno yetu. Familia nyingi za Kiswahili za Ghuba zina wajomba na mashangazi ambao wazee wao hawakufika pwani kwa hiari. Tunakaa sinia moja, tunaswali safu moja, halafu kwenye posa linatoka lile suali, "asili yake ni nani?" Watoto wanasikia. Wanasikia pia tunavyomwita mfanyakazi wa ndani aliyetoka Mombasa, Kampala au Tanga. Anaitwa kwa jina lake au kwa kupigiwa makofi? Mshahara wake unalipwa siku yake? Simu na pasipoti yake anazo mwenyewe? Mtoto haendi Cinquantenaire kujua nani analipa gharama ya raha ya nyumba. Anaona kila asubuhi nani kaamka saa kumi na moja na nani bado kalala.

Ndiyo maana nasema mjadala wa Brussels ni wetu. Wao wanagombana juu ya shaba na mawe ya miaka mia. Sisi suali letu liko hai, linapika chai.

Kwa mzazi au maalim anayetaka pa kuanzia, chukua mtu mmoja kwa wiki, wasipite hapo. Nusu ya watu hao wawe wa karibu: bibi aliyelea mayatima, jirani aliyerudisha amana, dereva aliyekataa rushwa. Mtoto aandike tendo moja, sifa moja, na doa moja. Kisha ajibu nani alilipa. Mwisho aseme yeye atafanya nini kabla ya Ijumaa, kitu kidogo chenye kuonekana. Kama aliyemchagua wiki hii ni dada anayewapikia, na kitendo chake ni kumuuliza jina la mtoto wake aliyemwacha kwao, basi somo limeingia.