Kitenge Kisubiri Pwani

Kiangazi kimefika tena. Mvua zimekoma, vumbi la barabara ya Fizi limetujaa machoni, na hapa Baraka mchana kutwa vijana wako ziwani. Jumapili moja, baada ya Misa, lilizuka shauri nje ya kanisa. Siku iliyotangulia wasichana watano au sita walikuwa wameonekana wakiogelea na kaptula za kubana na fulana za kunyumbuka kama jezi za mpira. Mzee mmoja, mtu mwema ambaye namheshimu sana, alisema kwa sauti kuwa hiyo ni aibu ya parokia nzima. Binti Mkristu yampasa aingie majini na kitenge chake, kama walivyofanya mama zetu. Wengi waliitikia. Mimi nilinyamaza, nami tangu siku ile najilaumu. Leo namjibu baba yetu huyo, kwa heshima yote.

Tuanze na hicho kitenge. Kitenge ni pamba, na pamba hunywa maji. Kikilowa huwa kizito kama mzigo, hushikamana na miguu, hupanda na kuyazunguka magoti. Naye mtu aliye majini hana budi kupiga miguu. Je, tumpe nini yule tuliyemfunga miguu? Halafu kuna jambo ambalo sote twalijua wala hatulisemi: kitenge kilicholowa hakistiri. Hugandamana na mwili, huonyesha yote tuliyotaka kuficha, na wimbi likija fundo hufunguka kabisa. Aliyewahi kupita karibu na akina mama wanaofua ziwani hawezi kunibishia. Basi hiyo adabu tunayoitetea kwa makelele iko wapi?

Niwaambie niliyoyaona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita mtumbwi mmoja uliotoka upande wa Ubwari na mizigo ya mihogo ulipinduka mbele ya pwani yetu. Haukuwa mbali, pengine mita mia. Wanaume waliogelea hadi nchi kavu. Wanawake wawili walishika bidoni tupu, wakavutwa. Wa tatu hakupata cha kushika. Tulipomtoa, kitenge kilikuwa kimejizungusha mapajani mwake mara tatu, kimekaza kama kamba. Mimi ni mmoja wa wale waliokifungua. Mama huyo alikuwa amevaa kwa adabu, hakuna aliyeweza kumlaumu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Duniani pote ziwa linalolishinda kwa kina ni Baikal peke yake, huko Urusi. Lakini watu wetu hawafi kilindini, wengi hufa karibu na nchi. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu waliokuwa wakiwangojea jamaa zao wakitazama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Nyanza karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Boti iliyojazwa kupita kiasi ni kosa la wale walioijaza. Lakini mtu awezaye kuelea kwa dakika kumi amepata dakika kumi za kufikiwa na mtumbwi, na asiyeweza hana hata moja.

Sasa tazameni jinsi tunavyowalea watoto. Mvulana wa miaka sita hujitupa ziwani uchi, humeza maji, hulia, kesho yake hurudi, na kufika miaka kumi aogelea kama mamba. Dada yake huitwa jikoni. Akikua twamwambia hafai tena kuonekana majini. Baadaye twampakia katika mtumbwi kwenda sokoni na mtoto mgongoni, na akizama twasema ni mapenzi ya Mungu. Ndugu zangu, tusimsingizie Mungu.

Mzee mwingine alinitajia habari ya Petro, ambaye alipotambua kuwa ni Bwana aliyesimama pwani alijifunga vazi lake kwanza, ndipo akajitupa ziwani. Habari ni ya kweli, nami nafurahi kuitajiwa. Lakini Petro alikuwa mvuvi. Alijifunga, maana yake alilikaza vazi mwilini, hakuliacha lipepee. Hata yeye alijua maji yanataka nini.

Haya, nigeuke upande wa pili, maana wasichana nao wana lao. Wengine wamenionyesha katika simu picha za vipande viwili vilivyoshikwa kwa uzi, wakisema hiyo ndiyo mitindo. Mtindo huo si mpya. Ulitolewa Paris mwezi Julai 1946 na Louis Réard, mhandisi wa magari, akauita bikini kwa jina la kisiwa ambako Wamarekani walikuwa wamejaribu bomu la atomiki siku chache tu kabla. (Sisi Wakongo tungeweza kuwasimulia mengi juu ya bomu hilo, urani ya lile la Hiroshima la 1945 kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.) Yasemekana wanamitindo wa kawaida walikataa kulivaa, ikambidi atafute mcheza dansi. Nguo iliyopewa jina la mlipuko ilikusudiwa macho ya watu. Binti yangu, wimbi la kusini la mwezi wa Agosti halitazami mtindo. Uzi ule litaufungua mara moja, nawe utatumia mikono yako kujifunika badala ya kuogelea.

Tena msidhani ugomvi huu ni wetu peke yetu. Mwaka 2004 huko Australia mama mmoja Mwislamu, Aheda Zanetti, alibuni nguo ya kuogelea inayofunika kichwa hadi miguu, nyepesi, isiyonywa maji. Mwaka 2016 mji wa Cannes na miji mingine ya pwani ya Ufaransa iliikataza, hata Baraza la Serikali likaingilia kati mwezi wa Agosti na kusimamisha katazo la mji mmojawapo. Huko mwanamke alifukuzwa pwani kwa kujifunika. Kwetu afukuzwa kwa kutojifunika vya kutosha. Wanaofukuza, huko na huku, wamesimama mchangani na viatu vikavu. Lakini Nungwi, Unguja, tangu 2011 mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea kwa nguo za namna ile ndefu. Wazanzibari walitafuta nguo inayoipatanisha heshima na maji. Sisi twashindwa nini?

Basi, kuhusu kuchagua. Kitambaa kiwe nailoni au poliesta yenye kunyumbuka, ambacho hukauka upesi. Ukinunua mitumba, kivute kwa nguvu ukiachie. Kisiporudi mahali pake, uzi wa mpira umekufa, kiache hapo. Kiinue juani, ukiona vidole vyako kupitia kwake, jua kikilowa kitakuwa kama kioo, hasa cheupe. Ukikivaa inua mikono yote miwili, kisha chuchumaa. Nguo ikipanda au ikishuka si yako. Mikanda ya mabegani inayopishana mgongoni haitelezi. Miguu ifike katikati ya paja au hata gotini, mpendavyo. Mama mnene asiambiwe ajifiche: ashonewe mikanda mipana na kisketi kifupi juu ya kaptula, atapendeza, na kupendeza si dhambi. Rangi ya buluu na ya kijivu hupotea majini. Chagueni rangi ya machungwa au manjano kali, ili anayetafuta aone. Wala si lazima kuagiza mbali. Fundi yeyote ajuaye kushona jezi aweza kuishona.

Na kitenge kisubiri pwani, kimekunjwa vizuri juu ya jiwe. Mama akitoka majini ajifunge, apande kwake akiwa mkavu na mwenye heshima zake.

Mke wangu ameshonewa yake, ya rangi ya machungwa, na mabinti zetu wawili wameshonewa za manjano. Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujachafuka, watashuka ziwani pamoja na shangazi yao ajuaye kuogelea, na bidoni iliyofungwa kamba. Nimemwalika yule mzee aje akae nami pwani. Hajanijibu bado, lakini nasikia mjukuu wake ameuliza bei ya kitambaa.